Nywele fupi au ndefu: zipi hazina kazi nyingi?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, nafanya kazi kwa zamu, na nina mtoto wa miezi minane. Nywele zangu zinagusa mabega na niliacha kuweka dawa ya kunyoosha miezi sita iliyopita. Za mbele zimepungua sana tangu nijifungue. Dada yangu ananiambia nikate zote nipumzike. Mwenzangu kazini anasema nisithubutu, eti nywele ndefu ndizo rahisi kutunza, kwa sababu unasuka na kusahau, wakati fupi zinataka kuhudumiwa kila asubuhi. Anasema amesoma hivyo mtandaoni. Nani kati yao anasema kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Dada yako anasema kweli, kwa sharti moja: fupi iwe fupi kweli. Nazungumzia sentimita mbili au tatu, urefu ambao chanuo halina kazi na vidole vinatosha. Zikizidi hapo na bado hazijafika pa kubanwa, unaingia kwenye kipindi kigumu kuliko vyote, na nadhani hicho ndicho mwenzako anachokiogopa kwa niaba yako.

Chukua karatasi tupige hesabu ya mwaka mzima. Mwenye nywele za sentimita mbili huenda kwa kinyozi kila baada ya wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Mpe dakika 45 kila mara, pamoja na kusubiri zamu yake kwenye benchi, ni kama saa 20. Kuosha ni dakika 10 bafuni, mara mbili kwa wiki, saa 17 nyingine. Jumla saa 37. Mwenye rasta, yaani misuko ya kuongezea nywele bandia, anayesuka kila baada ya wiki sita atakaa mbele ya msusi mara nane hivi, saa 5 kila mara, kisha saa 3 za kufumua, kuchambua mafundo na kuosha. Jumla saa 64. Mwenye nywele za asili za urefu wa wastani anayeziacha wazi, akitumia dakika 20 kila asubuhi na saa 2 kila wiki za kuosha na kuchana, anafika saa 226. Hizo ni zaidi ya wiki tano za kazi ya saa 40.

Kwa hiyo mwenzako analinganisha rasta na afro ya wastani, na hapo hakosei hata kidogo. Ila dada yako hakusema ubaki na afro. Amesema ukate.

Hayo aliyoyasoma mtandaoni nayajua, na si uongo. Yameandikwa na watu wenye nywele za singa, kwa ajili ya wenzao. Kichwa cha kila mtu hutoa mafuta yake kutoka kwenye ngozi. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteleza kutoka kwenye ngozi kuelekea nchani, hivyo hata nywele za kufika kiunoni hupata kinga kiasi bila mtu kufanya chochote. Asubuhi mwenye nywele hizo anazikusanya, anazizungusha, anabana kibanio kimoja na kutoka. Zikiwa fupi ndipo zinapomsumbua: akilala zinasimama upande mmoja, na kila baada ya wiki nne au sita lazima zikatwe la sivyo mtindo unapotea. Kwake yeye ndefu ni nafuu, naye anasema kweli tupu.

Zetu za kipilipili zimejengwa kwa namna nyingine. Unywele mmoja, ukiukata na kuutazama kwa hadubini, umebonyea kama yai badala ya kuwa duara, na njia nzima unajipinda na kujizungusha. Mafuta ya kichwani hayawezi kupanda ngazi hiyo. Ndiyo maana ngozi inaweza kuwa na mafuta huku ncha zimekauka kabisa. Na kila mahali unywele unapojipinda ni mahali palipo dhaifu, ambapo kitana kikipita kwa nguvu unakatika. Kadiri unavyorefuka, ndivyo sehemu hizo dhaifu zinavyoongezeka na ndivyo ncha inavyozidi kuwa mbali na mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawajawahi kuelezwa, nami naliona ndilo kiini cha swali lako. Nywele zetu hukua polepole kuliko za singa: wastani wake ni kama milimita 8 kwa mwezi, karibu sentimita 10 kwa mwaka, ilhali za singa hukaribia sentimita 15. Nywele yako inayogusa bega, ikivutwa, ina kama sentimita 30. Maana yake ncha yake ina umri wa miaka mitatu. Imeoshwa mara zaidi ya 150, imepitia drai, imepita chini ya kitambaa na kofia ya kazini, imesukwa na kufumuliwa, na imekuwepo siku zote ulipokuwa ukirudia dawa kwenye mizizi, pengine ikipakwa tena na tena bila sababu. Fikiria kanga uliyoifua mara 150: pindo ndilo linaloanza kuchanika. Unywele wa sentimita mbili una umri wa miezi miwili na nusu. Haujapata muda wa kuharibika. Hata ukiuosha vibaya leo, kinyozi ataukata wiki ijayo na utaanza na mwingine.

Kutunza nywele ndefu, basi, ni kutunza kitu kizee. Mafuta, kondishena, kustimu, kofia ya satini usiku, kukata ncha kila baada ya miezi mitatu hivi, kazi yote hiyo ni ya kuwahudumia wazee walioko nchani. Mtu anayeipenda kazi hiyo simkatazi. Ninao wateja ambao siku ya kuosha nywele ndiyo siku yao ya kupumzika, wanaifurahia. Wewe hukuniandikia hivyo. Umeniandikia kuhusu zamu, mtoto na kupumzika.

Sasa hilo la kusuka na kusahau. Rasta haziondoi kazi, zinaihamisha kutoka kwako kwenda kwa msusi, na zinaikusanya sehemu moja. Huko mjini kwenu, kama ilivyo Dar es Salaam, utawakuta vijana wa Kimasai wanaosokota nywele kwa ustadi mkubwa, na kazi hiyo hawakuanza kuijulia mjini. Morani kwa desturi hufuga nywele ndefu, husokotwa na morani wenzake nyuzi nyembamba kwa saa nyingi, na kupakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Ikifika sherehe ya eunoto, anapovuka kwenda utu uzima, mama yake anamnyoa. Wanawake wa Kimasai wao kwa desturi hunyoa kichwa. Ukitazama nani kwenye boma anakamua, anachota maji, anatafuta kuni na kujenga nyumba, utaelewa kwa nini nywele ndefu zilikuwa za kijana mwenye nafasi na wenzake wa kumsokota, na kichwa cheupe kikawa cha mama mwenye mtoto mgongoni. Nawe una mtoto na zamu za usiku.

Kisha kuna hatari, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu umesema nywele za mbele zimepungua.

Kupungua kwa nywele baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Wakati wa ujauzito nyingi hukaa kichwani kupita muda wake, kisha, kama miezi mitatu baada ya kujifungua, zinaanguka kwa pamoja. Kwa wengi hali hurudi sawa mtoto akikaribia mwaka. Ukijitazama kwenye kioo sasa hivi huenda ukaona vinywele vifupi, laini, vimesimama kwenye paji la uso. Hizo ni mpya, zinarudi. Ukienda kusuka rasta ndogo za kuvuta, au msuko wa twende kilioni uliobana hadi nyusi zinapanda, unazing'oa zikiwa bado changa. Na zaidi, nywele zako sasa ni za aina mbili: sentimita tano za kwenye mizizi ni za asili, zilizobaki ni za dawa. Pale zinapokutana ndipo pabovu kuliko popote.

Huko Afrika Kusini, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa kike na wanawake watu wazima, wakachapisha matokeo mwaka 2007 na 2008. Upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele waliukuta kwa asilimia 17 ya wasichana na karibu asilimia 32 ya wanawake watu wazima. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka juu ya nywele zenye dawa. Mtu mmoja kati ya watatu si ajali. Ni mazoea yetu ya kuamini kwamba msuko mzuri lazima uume. Wangapi umewaona wakitoka saluni na kumeza vidonge vya maumivu ili walale? Maumivu hayo, na vipele vidogo vyenye usaha vinavyotokea kesho yake kando ya uso, ni mwili unakuambia ufumue. Usingoje wiki mbili eti fedha isipotee.

Tena msuko haukusahaulishi kichwa, unakificha tu. Kila mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, zilizokufa hazina pa kuangukia. Siku ya kufumua zinatoka elfu mbili, pengine elfu nne, kwa mkupuo, na wanawake wengi hushtuka wakidhani rasta zimewanyonyoa. Kwa kawaida hizo ni zile za kila siku zilizosubiri. Zinazopaswa kukutisha ni zilizokatika, vipande vifupi visivyo na kitone cheupe mwishoni.

Kwa upande wa fedha sitakupangia, bei za mtaani kwenu unazijua wewe. Zidisha bei ya kinyozi kwa 26, kisha bei ya kusuka pamoja na pakiti za rasta kwa 8, uongeze mafuta na shampuu kila upande. Rasta zenyewe hazikupata kuwa nafuu: bajeti ya Tanzania ya 2019/20 iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Wateja wanaoifanya hesabu hii kwa uaminifu mara nyingi hukuta kinyozi ana nafuu, isipokuwa wale wanaosukwa bure na mama au dada nyumbani.

Nisikudanganye kwamba fupi hazina gharama zake. Mashine ya kinyozi hupita kwenye vichwa vingi kwa siku, na mapunye huenea kwa njia hiyo hiyo. Kile kisanduku chenye taa ya buluu ambacho vinyozi wengi wanakitegemea hakitoshi peke yake. Mashine inatakiwa ipigwe brashi kuondoa vinywele, kisha ifutwe kwa spiriti na kuachwa ikauke kabla ya kukugusa. Wewe ni muuguzi, hili huhitaji kufundishwa, linahitaji tu uwe na ujasiri wa kumwambia kinyozi alifanye mbele yako. Kama uwezo upo, nunua mashine yako mwenyewe ukae nayo nyumbani. Jambo la pili, usinyolewe hadi ngozini, hasa kisogoni. Unywele wetu uliojipinda ukikatwa karibu mno na ngozi hurudi ndani na kuzua vipele, na kwa baadhi ya watu vipele hivyo hugeuka makovu magumu yaliyovimba. Mwambie aweke kichanio namba moja, kinaacha milimita 3, au namba mbili, kinaacha milimita 6. Ukitaka zaidi ya hapo ni sawa, ila chini ya hapo hapana. Na msomaji mwingine akiwa ana ualbino, akate akitaka, ila kofia pana isimtoke kichwani mchana, kwa sababu nywele zilikuwa zikimkinga na jua.

Ipo njia ya kuwa na nywele ndefu bila kazi nyingi, nayo ni dredi. Nazitaja kwa sababu wengi watauliza. Zikishakomaa hazichanwi, na kusokotwa mizizi mara moja kila wiki sita au nane kunatosha. Wanaokimbilia kusokota kila wiki huishia na mizizi myembamba kama uzi. Kinachowashinda wengi ni kukausha: dredi nene na ndefu zikioshwa jioni zinaweza kulala na maji ndani, na zikizoea hivyo zinanuka. Anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, kama wewe, atapata shida na hilo.

Suala la maji nalo ni lako hasa. Maji mengi ya visima huko Dodoma ni ya chumvi. Madini yaliyomo hukutana na sabuni ya kipande na kuacha utando mweupe unaoganda kwenye nywele. Nywele zinakuwa ngumu, zinakwaruzana, na mtu anadhani ni aina yake ya nywele. Nywele ndefu hupata taabu zaidi kwa sababu utando hujijenga juu ya utando mwezi hadi mwezi. Tumia shampuu badala ya sabuni ya kipande. Mwisho wa kuosha, suuza kwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja, kisha maji matupu. Mvua zikianza Desemba, kinga ndoo mbili uweke za kichwa. Na miezi ya kiangazi, upepo wenu ule mkavu wa vumbi unapoanza, hata kichwa kifupi kitahitaji mafuta kidogo baada ya kuosha, yapakwe nywele zikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yanatosha. Mafuta ya mnyonyo ni mazito, changanya na mengine la sivyo yatakusanya vumbi.

Ningefanya nini ningekuwa wewe? Ningekata sehemu yote ya dawa. Lowesha nywele kabisa: sehemu ya asili itajikunja, ya dawa itaning'inia imenyooka, na utauona mpaka wazi kwa macho. Kata hapo kwa mkasi mkali, fungu dogo kwa fungu dogo. Zitabaki kama sentimita tano ukizivuta, ila jiandae, zikikauka zitasinyaa na huenda zisionekane hata sentimita mbili. Baadhi ya wanawake hulia siku hiyo, na si ajabu. Baada ya hapo kinyozi azisawazishe. Na usirudie dawa kwa kuchoka. Utafiti mkubwa wa taasisi za afya za Marekani uliochapishwa Oktoba 2022 uliwakuta wanawake wanaotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka wakiwa na saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha juu kuliko wasiotumia. Hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, lakini kwa mtu aliyekwisha kuiacha kwa miezi sita sioni sababu ya kurudi.

Kama moyo hautaki kukata, basi usiziache wazi na usisuke rasta ndogo. Suka mabutu makubwa manane au kumi bila kuongeza nywele bandia, mepesi, au funga kwa uzi kama walivyotufunga bibi zetu, na za mbele ziachwe nje ya msuko kabisa hadi zikomae. Fumua baada ya wiki mbili. Shona kitambaa cha satini ndani ya kofia yako ya kazi, maana pamba hunyonya mafuta na kukwaruza kando ya uso kwa saa zote za zamu. Itakuchukua muda mwingi kuliko kukata, ila haitakuharibu.

Ukija kutaka kurefusha tena, mtoto akishakua, jua kwamba kutoka sentimita mbili hadi mabegani ni karibu miaka mitatu, na mwaka wa kwanza na nusu ndio ule wa saa 226. Hapo ndipo mabutu na uzi vitakufaa zaidi, hadi zifike pa kubanwa kwa mpira mmoja.

Njia yoyote utakayoichagua, piga picha ya paji la uso na pembeni za kichwa mara moja kwa mwezi, mahali pamoja na mwanga ule ule, uzilinganishe. Ikiwa mtoto amefikisha mwaka na zaidi na za mbele bado hazijarudi, au ukiona sehemu imekuwa laini na inang'aa bila kitundu hata kimoja cha nywele, nenda kliniki ya ngozi badala ya saluni. Upara wa kuvutwa ukiwahiwa unapona. Ukichelewa, vitundu vikishageuka kovu, hakuna mafuta ya mtu yeyote yatakayovifungua.